Wasomaji Wauliza: Peter Forsberg, pasi zake, vikumbo vyake na ule mguu wa kulia

Toleo lililopita tulimtaja kwa mstari mmoja Peter Forsberg, mshambuliaji mstaafu wa hoki ya barafuni kutoka Uswidi, tukadhani yameisha. Barua zilizofuata zimetuonyesha vingine. Nyingi zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Uswidi, ambao watoto wao wanacheza mchezo huu shuleni na mitaani. Nyingine zimetoka Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Moshi. Tumechukua zile zinazohitaji jibu la kina, na mwishoni tumejibu kwa mkupuo zile fupi.

Kwa asiyeujua mchezo: kila timu ina watu 6 barafuni, kipa akiwemo. Hucheza vipindi 3 vya dakika 20, na saa husimama kila refa akipuliza filimbi. Kinachogombewa ni kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Wachezaji huingia na kutoka bila mchezo kusimama, kila kundi likikaa barafuni sekunde 45 hivi, maana zaidi ya hapo miguu inakataa.

Habari za kazi, wahariri. Nimeangalia takwimu za Forsberg nikaona mabao 249 tu katika NHL, ligi ya Marekani na Kanada. Mats Sundin ana 564. Mbona Waswidi hapa wakimtaja "Foppa" wanamweka juu ya wenzake wote? (Mama wa watoto wawili, Göteborg)

Mama, umesoma safu ya mabao, na huyu hakuwa mtu wa mabao. Katika hoki ya barafuni mshambuliaji hupimwa kwa pointi, na pointi ni bao au asisti, zote uzito mmoja. Bao moja linaweza kuzaa asisti mbili: ya aliyetoa pasi ya mwisho na ya aliyempa huyo mtoa pasi, ilimradi mpinzani hakukimiliki kisahani katikati. Forsberg ana asisti 636. Ukijumlisha na mabao unapata pointi 885, na alizipata kwa mechi 708. Gawanya: ni pointi 1.25 kwa kila mechi.

Sasa waweke wenzake kwenye mizani hiyohiyo. Sundin ana pointi 1,349 kwa mechi 1,346, yaani pointi moja kwa mechi. Daniel Alfredsson ana 1,157 kwa mechi 1,246. Henrik Sedin ana 1,070 kwa mechi 1,330, na pacha wake Daniel 1,041 kwa mechi 1,306. Ukiwapanga kwa jumla Forsberg yuko chini yao wote wanne, ila ukiwapanga kwa mechi hakuna anayemkaribia. Hata kwenye mtoano wa kuwania Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, ambako mabeki hukaza na marefa huacha mengi yapite, alipata pointi 171 kwa mechi 151.

Msimu wake bora kwa tuzo ni 2002–03: mabao 29, asisti 77, pointi 106 kwa mechi 75 akiwa na Colorado Avalanche. Alichukua kombe la Art Ross la mfungaji wa pointi nyingi na la Hart la mchezaji mwenye thamani kubwa kwa timu yake. Kuna hesabu nyingine ya msimu huo tunayoipenda zaidi. Alipokuwa barafuni, timu yake ilifunga mabao 52 zaidi ya iliyofungwa, na hesabu hiyo haiingizi mabao yaliyofungwa wakati mpinzani amepungukiwa mtu kwa adhabu. Maana yake alikuwa analinda pia, jambo ambalo mafundi wengi wa pasi huwaachia wengine.

Aliyekuwa nyuma yake kwa pointi mbili msimu huo ni Markus Näslund, mwenye 104. Wote wawili wamezaliwa Örnsköldsvik, mji mdogo wa kaskazini mwa Uswidi, Forsberg tarehe 20 Julai 1973 na Näslund siku 10 baadaye. Wakakulia timu moja, MoDo. Mapacha Sedin nao ni wa hukohuko.

Ukituuliza sisi, kwa miaka 15 ya uhakika tungemchukua Sundin. Kwa mechi moja ya kufa na kupona tungemchukua Forsberg.

Nimesoma kuwa alichaguliwa na Philadelphia, akaanzia Quebec, akahamia Denver, kisha akarudi Philadelphia. Alikuwa mali ya nani hasa? (Msomaji wa Mombasa)

Ligi ya NHL haina soko huria la chipukizi kama mpira wa miguu wa Ulaya. Kila mwaka timu hupanga foleni na kuchagua vijana, na anayechaguliwa haki zake za kucheza ligi hiyo zinashikwa na timu hiyo, hata kama bado yuko kwao. Mwaka 1991 Philadelphia Flyers walimchagua Forsberg akiwa wa 6, na wengi walishangaa, wakiona ni mapema mno kwa kijana wa Örnsköldsvik.

Mwaka huohuo, waliokuwa mbele kabisa kwenye foleni, Quebec Nordiques, walimchagua Eric Lindros, aliyesubiriwa kama mfalme ajaye. Lindros akakataa katakata kwenda Quebec. Ukapita mwaka mzima wa mvutano. Juni 1992 Quebec walijikuta wameahidi kumtoa kwa timu mbili kwa wakati mmoja, New York Rangers na Philadelphia, ikabidi msuluhishi Larry Bertuzzi aamue. Akawapa Philadelphia. Bei yake: wachezaji Ron Hextall, Steve Duchesne, Kerry Huffman, Mike Ricci, Chris Simon na Forsberg, pamoja na nafasi mbili za raundi ya kwanza za kuchagua vijana na dola milioni 15. Wakati huo Forsberg alionekana kama jina moja kati ya mengi kwenye orodha.

Yeye hakwenda popote. Alibaki MoDo. Mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993, kwenye mashindano ya dunia ya vijana yaliyochezwa Gävle, Uswidi, akapata pointi 31 kwa mechi 7: mabao 7 na asisti 24. Hapo ndipo watu wa Philadelphia walipoanza kujikuna kichwa.

Alianza NHL na Quebec Januari 1995, msimu uliokatwa hadi mechi 48 baada ya wamiliki wa timu kuwafungia wachezaji milango kwa mzozo wa mkataba. Pointi 50 kwa mechi 47, na tuzo ya Calder ya mchezaji mpya bora. Kiangazi hicho timu ikauzwa na kuhamishiwa Denver, ikaitwa Colorado Avalanche, na Juni 1996 ikachukua Kombe la Stanley kwa kuifunga Florida Panthers mechi 4 kwa 0. Mechi ya pili ya fainali Forsberg alifunga mabao matatu ndani ya kipindi cha kwanza. Watu wa Quebec waliyaangalia hayo kwenye televisheni, na jeraha hilo halijapona.

Alirudi Philadelphia mwaka 2005 kwa sababu ya fedha za ligi. Baada ya msimu mzima wa 2004–05 kufutwa, uliwekwa ukomo wa mishahara wa dola milioni 39 kwa timu, na Colorado hawakuweza kuwabeba mastaa wao wote. Februari 2007 Flyers wakampeleka Nashville.

Ile penalti ya Lillehammer iliyowekwa kwenye stempu. Nimeitazama mara nyingi na bado sielewi kipa alikosea wapi. Mnaweza kuieleza hatua kwa hatua? (Kocha wa vijana, Dar es Salaam)

Kocha, kipa hakukosea sana. Alilazimishwa.

Ilikuwa fainali ya Olimpiki, 27 Februari 1994, nchini Norwe, Uswidi dhidi ya Kanada. Magnus Svensson aliisawazishia Uswidi dakika za mwisho, ikawa 2–2, na muda wa nyongeza haukuamua. Wapigaji watano wa kila upande wakamaliza sare, ikawa sasa ni mmoja mmoja. Zamu ya 7 ya Uswidi ikamwangukia Forsberg, mwenye miaka 20. Golini Corey Hirsch.

Penalti ya barafuni haipigwi kutoka kwenye nukta. Mpigaji anaanza katikati ya uwanja na kisahani, anateleza kumwendea kipa. Kisahani lazima kiendelee mbele kuelekea golini, na kikishapigwa hakuna kurudia hata kikigonga kipa na kurudi.

Forsberg anapigia kushoto: mkono wa kulia uko juu kwenye ncha ya gongo, wa kushoto uko chini, na upande wake wa nguvu ni wa kushoto. Mambo yalikwenda hivi:

Kwanza, alikuja kwa mwendo wa wastani. Mwendo mkali ungemnyima nafasi ya kunyoosha mkono baadaye, maana angekuwa tayari amempita kipa.

Pili, alipokaribia alikivuta kisahani kushoto kwake, bega na macho yakaenda huko, kana kwamba anapiga. Hapa ndipo penye kiini. Kipa hawezi kupuuza hatari hiyo, kwa sababu mpigaji aliye karibu hivyo upande wake wa nguvu anaweza kupiga juu kwa sekunde moja. Hirsch akajisukuma kwa mguu kumfuata. Kipa akishajisukuma kwenye barafu hawezi kusimama papo hapo. Lazima uzito wake umalize safari.

Tatu, Forsberg aliuachia mkono wa chini. Gongo likabaki kwenye mkono wa kulia peke yake, mkono ukanyooka hadi mwisho, na kwa mgongo wa gongo akakirudisha kisahani kulia, nyuma ya mwelekeo wa mwili wake mwenyewe. Mwili unaenda kushoto, kisahani kinaenda kulia.

Nne, hakukipiga. Alikisukuma polepole kwenye pengo lililoachwa. Hirsch akanyoosha glovu kurudi nyuma na kukikosa kwa kiasi kidogo. Kisha Tommy Salo akaokoa penalti ya Paul Kariya, na Uswidi ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huu.

Vijana wako wakiijaribu, itaharibika kwa njia tatu. Wakichelewa kuachia mkono wa chini, gongo halifiki, kwa sababu mikono miwili hupunguza urefu wa kufikia. Wakianza kuvuta mapema mno, mita tano au sita kutoka golini, kipa anapata muda wa kurudi. Na barafu ikiwa imechimbika, kisahani husimama kwa ukingo na kubingirika, nao mgongo wa gongo, uliopinda kuelekea nje, haukishiki kikiwa hivyo. Yuko pia kipa asiyeshawishika, anayebaki kwenye mstari wake na kusubiri. Kwa huyo piga tu, usicheze ngoma.

Hila yenyewe haikuwa yake. Kent Nilsson aliifanya dhidi ya Marekani kwenye mashindano ya dunia ya 1989, na Forsberg aliiona. Stempu ikatolewa 1995. Hirsch alikataa sura yake itumike, hivyo jezi ya kipa kwenye picha ilibadilishwa.

Wachambuzi wanasema Forsberg ndiye aliyekuwa anawagonga mabeki, wakati yeye ndiye mwenye kisahani. Hilo linaruhusiwa? (Mchezaji wa hoki ya nyasi, Nairobi)

Linaruhusiwa, na ndilo lililomtofautisha na mafundi wengine wa Ulaya.

Kwenye nyasi kumgusa tu mwenzako ni kosa. Barafuni, aliye na kisahani anaweza kupigwa kikumbo kwa bega au nyonga. Kisichoruhusiwa ni kulenga kichwa, kumsukuma kwa mgongoni akiwa karibu na ubao unaozunguka uwanja, kutumia kiwiko, au kuja kwa kuruka. Mabeki walimjia Forsberg wakitegemea, kama ilivyo kwa wengi, kwamba mwenye kisahani atajikunja kujihami. Yeye alikuwa akimsikia beki anakuja, anatanua miguu kuliko mabega, anakunja magoti mpaka nyonga zishuke, anakihamishia kisahani upande wa mbali kwa mkono mmoja. Kisha, chini ya sekunde moja kabla ya kugongana, anajisukuma kwa ukingo wa kisu cha kiatu kumwendea beki kwa bega au mgongo. Beki aliyekuja amesimama wima anakutana na mtu wa kilo 93 aliye chini yake anayepanda juu. Anayeanguka ni beki.

Kinachohitajika ni wakati sahihi. Ukiwahi sana unamkosa beki na kuacha kisahani wazi. Ukichelewa unapigwa wewe ukiwa umegeuza mgongo, na hapo ndipo watu huumia shingo. Kwa kijana aliye chini ya miaka 15 hatushauri kabisa, na ligi nyingi za watoto haziruhusu vikumbo vyovyote.

Gharama yake iko kwenye orodha ya mechi. Katika NHL alicheza mechi zote 82 za msimu mara moja tu, 1995–96, mwaka aliopata pointi 116.

Mimi ni muuguzi. Nimesikia alitolewa bandama katikati ya mashindano ya 2001 kisha akarudi kucheza. Mtu asiye na bandama anachezaje mchezo wa vikumbo? (Msomaji wa Moshi)

Tarehe 9 Mei 2001 Colorado walimaliza mfululizo wao dhidi ya Los Angeles Kings kwa mechi ya 7. Forsberg alicheza. Usiku huohuo, baada ya mechi, maumivu ya tumbo yakamshika. Akakimbizwa hospitali, ikaonekana bandama imepasuka, na akapasuliwa usiku ule na kutolewa. Wenzake waliendelea bila yeye na kuchukua kombe kwa kuwafunga New Jersey Devils mechi 4 kwa 3. Jina lake limo kwenye kombe hilo kwa haki, maana alikuwa na pointi 14 katika mechi 11 za mtoano ule.

Unajua, muuguzi, bandama iko chini ya mbavu za kushoto, ni laini na imejaa damu. Pigo la ubavuni linaweza kuipasua kidogo huku utando wake ukizuia damu kwa saa au hata siku kadhaa, kisha utando unaachia. Ndiyo maana mchezaji aliyegongwa ubavu wa kushoto, akilalamika maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuguswa, asirudishwe uwanjani. Ni dalili ya damu kuchokoza kiwambo cha tumbo.

Kucheza bila bandama kunawezekana jeraha likishafunga. Kwa pigo la ubavuni ile hatari ya kupasuka haipo tena. Kinachobaki ni maambukizi: bandama huchuja bakteria wenye utando mgumu, kwa hiyo aliyetolewa huchanjwa dhidi ya nimonia ya nyumokoka, homa ya uti wa mgongo na bakteria aitwaye Hib, na homa yoyote kali kwake ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kwa wagonjwa wenu wa huko ongeza malaria, ambayo huwa kali zaidi kwa asiye na bandama. Chandarua na dawa za kinga akisafiri ni lazima.

Forsberg hakucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida wa 2001–02, kwanza akijiponya, kisha akipasuliwa mguu. Alirudi mtoano ulipoanza. Pointi 27 kwa mechi 20, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mtoano ule, ingawa timu yake ilitolewa na Detroit kabla ya fainali.

Mwanangu wa miaka 9 anacheza hapa Malmö. Kifundo chake kinapinda ndani akiteleza na anasema "nina mguu wa Foppa". Huo mguu ulikuwa na nini, na mimi nifanye nini? (Baba wa Malmö)

Pengine mwanao hana mguu wa Foppa, Baba. Pengine ana viatu vikubwa.

Tuanze na Forsberg. Umbo la miguu yake, hasa wa kulia, halikuwa la kawaida, na kifundo kililegea kadiri miaka ilivyokwenda. Kiatu cha hoki kinafanya kazi pale tu kisigino, kifundo na kisu vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Kisu kina upana wa milimita 3 hivi, na katikati yake kumechongwa mfereji, kwa hiyo kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mguu ukilala upande ndani ya kiatu, mchezaji anasimama juu ya ukingo mmoja bila kutaka. Kwa mtu ambaye mchezo wake wote ulikuwa kukunja magoti na kujisukuma kwa ukingo, hilo lilikuwa balaa. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, akajaribu viatu vingi mno, soli za ndani za kila aina na vipande vya kuinua upande mmoja. Kila rekebisho lilisaidia kwa muda. Kati ya 2007 na 2011 alirudi na kuacha mara kadhaa: mechi 9 na Colorado mwaka 2008, zenye pointi 14, vipindi na MoDo, Olimpiki ya Vancouver 2010. Mwisho ni mechi mbili akiwa tena na Colorado, Februari 2011, dhidi ya Columbus na Nashville. Tarehe 14 mwezi huo akatangaza kustaafu. Tuliozitazama mechi hizo mbili tuliona kichwa kinaona pasi ileile ya zamani, ila mguu haumfikishi mahali pa kuitolea.

Sasa mwanao. Fanya ukaguzi huu kwa mpangilio, maana ukianza na kununua soli za bei mbaya unaweza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Legeza kamba zote, aingize mguu, ausukume mbele mpaka vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino pafae kidole chako kimoja. Vikiingia viwili, kiatu ni kikubwa, na kifundo kitapinda hata kwa mtoto mwenye mguu wa chuma. Wazazi hununua kikubwa ili kidumu misimu miwili, na ndilo kosa tunaloliona kuliko yote. Nunua kilichotumika kinachomtosha leo.

Kisha apige kisigino sakafuni ili kikae nyuma kabisa, ndipo ufunge. Vidoleni legeza kidogo, kwenye kona ya kifundo kaza hasa, tundu la juu kabisa liwe na nafasi ili goti liweze kukunjika mbele. Usizungushe kamba kifundoni. Inabana mshipa na haizuii kupinda.

Kama bado kinapinda, geuza kiatu juu chini na ulaze sarafu kwenye kisu, ikae juu ya kingo zote mbili. Sarafu ikiegemea upande, ukingo mmoja uko juu kuliko mwenzake. Hapo aliyenoa ndiye mwenye makosa. Rudisha dukani. Mfereji wa kisu kwa mtoto mwepesi uwe wa nusu kipenyo cha milimita 10 hadi 13. Mwepesi anahitaji mfereji wa kina zaidi ili kisu kiume barafu, wakati mtu mzito anatosheka na milimita 16.

Kiatu kipya kigumu hupashwa dukani kwenye oveni maalumu, kama nyuzi 80 kwa dakika chache, kisha mtoto anakaa nacho mguuni bila kusimama mpaka kipoe. Asiteleze kwa saa 24, maana gundi na vishikizo bado ni laini. Usijaribu kwenye oveni ya nyumbani. Joto lake halitulii, na utabandua kisu.

Baada ya mazoezi futa visu kwa kitambaa kikavu na uviache wazi. Zile kava za plastiki ni za kutembelea tu. Zikiachwa juu ya kisu kilicholowa, asubuhi kina kutu.

Yote hayo yakiwa sawa na kifundo bado kinaanguka, tena hata akitembea pekupeku nyumbani, ndipo umpeleke kwa mtaalamu wa miguu.

Maswali ya haraka

*Alishinda nini kwa jumla?* Dhahabu ya Olimpiki 1994 na 2006, ubingwa wa dunia 1992 na 1998, Kombe la Stanley 1996 na 2001. Ule wa 1998 kocha wa Uswidi alikuwa Kent Forsberg, baba yake mzazi. Ameingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa hoki huko Toronto mwaka 2014, na jezi namba 21 ya Colorado haivaliwi tena na mtu mwingine tangu Oktoba 2011.

*Mechi gani nzuri ya kuitafuta kwenye intaneti?* Achana na ya Lillehammer, umeshaiona. Tafuta robo fainali ya dunia ya 2003 huko Helsinki, Uswidi dhidi ya Ufini. Ufini walikuwa wanaongoza 5–1 kwao nyumbani, wakafungwa 6–5.

*Ni kweli zile ndara za mpira zenye matundu zinaitwa kwa jina lake?* Uswidi, ndiyo. Aliwekeza kwenye biashara ya kuziuza nchini humo, watu wakaziita ndara za Foppa, na kuna vijana wanaozivaa wasiojua kuwa Foppa ni mtu.

*Nairobi naweza kuteleza wapi?* Kwenye uwanja wa ndani wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambako timu ya Ice Lions ilikulia. Ni mdogo kuliko uwanja kamili wa mita 60 kwa 30, kwa hiyo hucheza wachache kila upande. Mwaka 2018 Ice Lions walikwenda Kanada na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na huyu MacKinnon ni wa timu ileile ya Forsberg, Colorado. Piga simu kwanza kuuliza kama barafu ipo, vaa soksi ndefu nyembamba badala ya nene, na uende na glovu hata kama huchezi hoki. Ukianguka, kunja ngumi, kwa sababu visu vya wengine vinapita karibu na vidole vyako.